UZI: mBot na mBlock – bloku zote ziko sawa, "Live" inatembea, "Upload" inagoma

#1 MwlTEHAMA_Moro

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada. Roboti ni mBot ya kawaida ya kampuni ya Makeblock (bodi ya mCore), programu ya bloku ni mBlock 5 ya kompyuta, Windows 10.

Zoezi la wanafunzi: roboti ipite mbele ya maboksi matatu, sensa ya umbali ihesabu kila boksi limeonwa mara ngapi. Bloku zote zimekaa mahali pake, hakuna iliyopauka. Kwenye "Live" (kompyuta ikiiongoza roboti moja kwa moja) kazi inakwenda. Nikihamia "Upload" (kupakia programu ndani ya roboti) inapanda asilimia kidogo kisha inaandika kwamba imeshindikana. Kebo nimebadilisha mara mbili, poti ya USB nimebadilisha, laptopu nimeizima na kuiwasha. Nifute mBlock nisakinishe upya?

#2 kibodi_moja

Futa mkuu, weka upya. Hizi programu ndivyo zilivyo.

#3 Fundi_Saketi

Usifute kitu kwanza, Mwalimu. Kusakinisha upya kunatibu faili zilizoharibika tu. Kama kosa liko ndani ya bloku zako, utalikuta palepale na bando limekwenda.

Tujue kwanza imekwama hatua gani. Ukibonyeza kupakia, yanafanyika mambo matatu kwa zamu. Kwanza bloku zinaandikwa upya kuwa C++. Msimbo huo unauona ukifungua kidirisha cha kulia chenye alama `</>`. Pili, avr-g++ (kompaila) inaukompaili, yaani inaugeuza kuwa lugha ya chipu, kisha linka inauunganisha na maktaba za Makeblock, linatoka faili moja la .hex. Tatu, avrdude inalisukuma hilo .hex kupitia USB hadi kwenye ATmega328P, chipu ya bodi.

Kebo, draiva na poti vinahusika na hatua ya tatu peke yake. Kompaila haijui hata kama kuna roboti duniani.

Kwa hiyo fungua maelezo ya kosa, tafuta neno `avrdude`. Ukilikuta limeanza kulalamika, kompaila imeshamaliza kazi yake salama na tatizo ni la mawasiliano. Usipolikuta, achana na kebo. Halafu soma kosa la KWANZA lenye `error:`. Watu wengi huleta picha ya mstari wa mwisho, `exit status 1`, na mstari huo hausemi lolote zaidi ya "imeshindikana".

Kuhusu "Live" kutembea: hapo hakuna kinachokompailiwa. Kompyuta yenyewe inasoma bloku na kuipelekea fimwea ya roboti (programu yake ya kiwandani) amri moja moja. Ndiyo maana mradi unaweza kupita "Live" mwezi mzima na kuanguka siku ya kwanza ya "Upload".

#4 MwlTEHAMA_Moro

Asante mkuu. Neno avrdude halimo. Mistari ya juu ni hii:

```
...\cores\arduino\binary.h: error: expected unqualified-id before numeric constant
 #define B1 1
            ^
code.ino:9:7: note: in expansion of macro 'B1'
 float B1 = 0;
       ^~
code.ino:31:8: error: lvalue required as left operand of assignment
```

Mimi sijaandika popote binary.h. Na vigeu vyangu (majina ya kuhifadhia hesabu) ni vitatu, B1, B2, B3, yaani boksi la kwanza, la pili na la tatu. Mbona inagombana na kimoja tu?

#5 Fundi_Saketi

Hilo ni kosa zuri kulifundishia.

`binary.h` ni faili linalokuja na Arduino, na kila programu ya bodi hizi hulibeba. Ndani yake zimeorodheshwa namba za mfumo wa jozi zenye tarakimu moja hadi nane: B0, B1, B00, B01, B10, mpaka B11111111. Kila jina limepewa thamani yake. Kabla kompaila haijaanza kazi, kila panapoonekana neno `B1` panafutwa na kuwekwa `1`. Kwa hiyo mstari wako

`float B1 = 0;`

unafika kwa kompaila ukiwa

`float 1 = 0;`

Inatafuta jina la kigeu, inakuta namba. Ndiyo maana ya "expected unqualified-id before numeric constant": nilitegemea jina, nimepewa namba. Na kule mstari wa 31 ulikokiweka kigeu kiwe sifuri, imesoma `1 = 0`, yaani unataka kuibadilisha namba moja iwe sifuri.

B2 na B3 zimepita kwa sababu mfumo wa jozi hauna 2 wala 3. Ukifika boksi la kumi, B10 itakataa tena, na huko itasomeka 2.

Dawa: kwenye orodha ya vigeu, bofya kulia juu ya B1, badilisha jina liwe `boksi1`. Bloku zote zinazokitumia zitajibadilisha. Usikifute na kuunda kingine, utaanza kuvuta bloku upya moja moja.

#6 Nyuzi_RJ25

Niongezee hapo kwenye majina maana ndiko darasa linakoumia.

A0 hadi A7 ni pini za analogi, zina majina yao tayari. Ukiita kigeu `A1` unapata `conflicting declaration 'float A1'`. `SP` ni mbaya zaidi. Mwanafunzi anaiandika akimaanisha spidi, kumbe ndani ya AVR (familia ya chipu hii) ni rejista ya rafu, na kosa linalotoka lina neno `volatile` na mabano mengi ambayo hata mtu mzima yanamkimbiza. `PI` imeshachukuliwa. Jina lisianze na tarakimu (`2kulia` hapana, `kulia2` sawa) na lisiwe na nafasi katikati. Programu nyingine hujaza kistari cha chini zenyewe, nyingine zinaacha kama ulivyoandika.

Kiswahili kinatusaidia sana hapa, maana `kasi`, `umbali`, `mwanga`, `mstari` hazigongani na chochote. Ila kina mtego wake mmoja: ng'. Kigeu kikiitwa `ng'avu`, na programu yako haisafishi majina, ule mkato unafungua alama ya herufi ya C++ ambayo haifungwi popote:

`missing terminating ' character`

Kila kilichobaki kwenye mstari huo kinamezwa, pamoja na nukta-mkato ya mwisho. Kwa hiyo mstari UNAOFUATA nao unapigwa kosa ilhali hauna hatia. Ukiona mstari umelaumiwa na wewe unauona mzima, angalia wa juu yake.

Na kama jina umelinakili kutoka simu, mkato wake huwa ule uliopinda. Hapo unaletewa mistari mitatu: `stray '\342' in program`, kisha `'\200'`, kisha `'\231'`. Ni herufi moja tu hiyo, imekatwa baiti tatu. Andika `ngavu`, maisha yaendelee.

#7 kibodi_moja

Na hii `expected primary-expression before ')' token`? Niliiona juzi kwa mtu, msimbo wake hauna kasoro.

#8 Nyuzi_RJ25

Tundu tupu, kaka. Kuna bloku ya "if" haijawekewa sharti ndani ya ile nafasi ya pembe sita, msimbo umetoka `if() {`. Au bloku ya kulinganisha imeachwa upande mmoja. Programu nyingine hujaza 0 kimyakimya, na hiyo ni mbaya kuliko kosa, kwa kuwa inapita halafu roboti inafanya vituko. Fungua `</>`, nenda namba ya mstari iliyotajwa, kisha urudi kwenye bloku. Namba mbili baada ya jina la faili ni mstari na nafasi ndani ya mstari: `31:8` ni mstari wa 31, herufi ya 8.

#9 rimoti_ya_tatu

Wakuu naomba nidandie. Kosa langu mimi halina namba ya mstari kabisa. Limekuja baada ya kuongeza eksitensheni (nyongeza ya bloku) ya muziki ya Arduino kwenye mBot, na roboti naiendesha kwa rimoti.

```
Tone.cpp.o: In function `__vector_7':
multiple definition of `__vector_7'
MeIR.cpp.o: first defined here
collect2.exe: error: ld returned 1 exit status
```

#10 Fundi_Saketi

Namba ya mstari haipo kwa sababu kompaila imeshapita. Anayekataa ni linka. Ukiona `ld` au `collect2`, ujue ni yeye.

ATmega328P ina taima tatu: 0, 1 na 2. Kila taima ikitimiza hesabu yake inaita kipande kimoja cha msimbo, na kwenye jedwali la chipu hiyo kile cha Taima 2 (mlinganisho A) ni namba 7, ukianza kuhesabu na sifuri. Maktaba ya infraredi imeandika chake, `tone()` ya Arduino nayo imeandika chake. Nafasi ni moja, waombaji wawili.

Hakuna namna ya kuwapatanisha kwa bloku. Toa eksitensheni ile ya muziki, tumia bloku ya baza (spika ndogo ya mlio) ya mBot yenyewe. Hiyo haitumii taima. Inapiga pini ya 8 juu-chini kwa mkono. Gharama yake ni kwamba sauti ikilia nusu sekunde, programu imesimama nusu sekunde: mstari haufuatwi, rimoti haisomwi. Fupisha noti.

Ndugu yake ni `__vector_11`, Taima 1. Huyo hutokea maktaba ya Servo (mota za kugeuka kwa digrii) ikikutana na maktaba nyingine inayoitaka taima hiyohiyo. Na hata pasipo kosa, Servo ikiwemo, PWM (mipigo ya umeme ya kupimia nguvu) ya pini 9 na 10 inakufa. Mota za mBot ziko pini 5 na 6 kwa PWM (4 na 7 kwa mwelekeo), kwa hiyo zenyewe hazidhuriki.

#11 Bwiza_BJM

Bonjour wakubwa, salamu toka Bujumbura. Kwetu kompyuta nane za shule zinakompaili vizuri, ya tisa inakataa hata programu tupu isiyo na bloku. Inasema `No such file or directory` na njia ya faili ina herufi zilizochafuka. Akaunti ya Windows inaitwa Élèves.

#12 Nyuzi_RJ25

Jibu umelitaja mwenyewe, dada: ile É. Kompaila inaweka faili zake za muda chini ya `C:\Users\Élèves\AppData\Local\Temp`, na zana za AVR za Windows zinazisoma vibaya herufi zenye alama. Zinatafuta folda isiyokuwepo.

Kubadilisha jina la akaunti kwenye mipangilio hakusaidii, maana jina la kuonyeshwa ndilo linalobadilika. Folda inabaki na jina la siku ilipoundwa. Unda akaunti mpya iitwe `eleves`, bila alama, ingia kwa hiyo. Miradi nayo isikae kwenye folda yenye lafudhi.

Programu tupu ndicho kipimo chenyewe. Bloku moja ya kuanza, hakuna kingine, pakia. Ikikataa, kosa si lako, ni la kompyuta. Ikikubali, rudisha bloku kwa mafungu, nusu kwa nusu, mpaka ujue fungu lenye kosa.

#13 Fundi_Saketi

Na kama programu tupu inakataa kwa `CreateProcess: No such file or directory`, tazama antivairasi. Imeifungia `cc1plus.exe`, ambayo ndiyo kompaila yenyewe. Avr-g++ ni mnyapara tu anayeiita. Irudishe kutoka karantini, weka folda ya programu kwenye orodha ya vilivyoruhusiwa. Ikiwa imeshafutwa, hapo ndipo ushauri wa kibodi_moja unapofaa: sakinisha upya.

#14 kibodi_moja

Hatimaye nimepata haki yangu.

#15 mchanga_wa_bodi

Swali la ukubwa. Yangu ilikuwa inapita, nimeongeza picha za LED na maneno, sasa:

```
Sketch uses 33418 bytes (103%) of program storage space. Maximum is 32256 bytes.
Global variables use 1612 bytes (78%) of dynamic memory, leaving 436 bytes for local variables.
Low memory available, stability problems may occur.
```

#16 Fundi_Saketi

Hayo ni matatizo mawili, yatenganishe.

La kwanza ni flashi, kumbukumbu inayotunza programu. Chipu ina baiti 32,768; bootloda (programu ndogo inayopokea upakiaji) imeshika 512, zimebaki 32,256. Umezidi kwa 1,162. Kinachokula zaidi ni bloku zilizonakiliwa. Fungu la bloku kumi na tano likirudiwa mara sita linaandikwa mara sita. Lifanye bloku yako mwenyewe, msimbo ukae mara moja na kuitwa mara sita. Kisha ondoa eksitensheni usizotumia.

La pili ni RAM, kumbukumbu ya kazi, baiti 2,048. Ile ya 78% ni onyo, wala si kosa, na bodi itapakia. Lakini ukiona roboti inajiwasha upya yenyewe katikati ya kazi, au namba zinabadilika bila kuguswa, rudi kwenye onyo hili. Maneno unayoonyesha yanakaa RAM muda wote: "Roboti imefika mwisho wa mstari" ni herufi 31 pamoja na nafasi, na baiti moja ya kufungia, jumla 32. "MWISHO" ni 7. Picha ya LED ya 8×16 ni baiti 16, hiyo haina kesi kubwa.

#17 Nyuzi_RJ25

Aangalie pia amechagua kifaa gani. Makeblock wana bodi zinazofanana jina. Faili la mBot ni `MeMCore.h`. Ranger bodi yake ni Auriga, chipu ni ATmega2560 na faili ni `MeAuriga.h`. mBot2 hata haiingii kwenye uzi huu, ina bodi ya CyberPi na inaendeshwa kwa Python, makosa yake ni ya sura nyingine kabisa. Ukinakili msimbo wa Ranger ukautia kwenye mBot, utaletewa `was not declared in this scope` kurasa mbili.

#18 Kisumu_mikrobiti

Je, upande wa bodi ya micro:bit? Programu ya bloku ni MakeCode ya kusakinisha, gari la roboti lina eksitensheni yake. Intaneti ikiwepo inapakia, ikikatika na mtu akiongeza eksitensheni inakwama.

#19 mchanga_wa_bodi

MakeCode inageuza bloku zako papo hapo kwenye kompyuta, haihitaji mtandao. Lakini eksitensheni ikiwa na C++ ndani yake, sehemu hiyo hukompailiwa kwenye seva, na jibu linahifadhiwa. Kwa hiyo siku yenye mtandao, fungua kila mashine, ongeza eksitensheni, pakua .hex mara moja. Baada ya hapo badilisha bloku utakavyo bila mtandao, mradi usiongeze eksitensheni nyingine yenye C++.

Redio na Bluetooth hazikai pamoja kwenye mradi mmoja. Ukiweka moja itakuomba uitoe nyingine. Na uso wa huzuni ukifuatwa na 020 ni kumbukumbu imekwisha. Hutokea zaidi kwenye V1 yenye RAM ya KB 16; V2 ina 128.

Wenye roboti za LEGO EV3 za zamani wasisahauliwe: "compile error" ikija baada ya kuhamisha mradi kutoka kompyuta nyingine, tafuta bloku yenye alama ya kuuliza, hasa ndani ya My Block (bloku za kujitengenezea) usizozifungua. Sensa ya kampuni nyingine ina faili la .ev3b ambalo lazima liingizwe kwenye KILA kompyuta. Mradi usipofunguka kabisa, faili la .ev3 ni zipu. Badilisha kiambishi kuwa .zip, ndani utakuta programu moja moja.

#20 MwlTEHAMA_Moro

Wakuu B1 imekwisha, imekompaili. Sasa mashine moja ya Ubuntu imefika kwenye avrdude ikasema `can't open device "/dev/ttyUSB0": Permission denied`. Nyingine haina hata ttyUSB0. Na kwenye Windows, roboti niliyoipakia haitii tena "Live".

#21 Fundi_Saketi

Ya kwanza, huna ruhusa ya poti:

`sudo usermod -a -G dialout $USER`

Toka kwenye akaunti uingie tena, vinginevyo haifanyi kazi.

Ya pili, kama ni Ubuntu 22.04, mhusika ni `brltty`, programu ya vifaa vya maandishi ya wasioona. Inaidhania chipu ya CH340 ya mBot kuwa ni kifaa chake na kuinyakua. Kama hakuna anayekitumia kifaa hicho kwenye mashine: `sudo apt remove brltty`, chomoa kebo, chomeka.

Ya tatu si hitilafu. Ulipopakia programu yako uliifuta fimwea, na "Live" haina wa kuzungumza naye. Unganisha kwa USB, chagua kusasisha fimwea, itarudi.

Kwenye Windows ukikuta `Access is denied` kwa COM, poti imeshikwa na dirisha jingine, mara nyingi mBlock ya pili au kidirisha cha siriali cha Arduino. `not in sync: resp=0x00` hutoka bodi isipojibu: umechagua poti isiyo yake, au kifaa siyo.

#22 MwlTEHAMA_Moro

Zote tatu zimekubali. La mwisho jamani: inakompaili, inapakia, inatembea. Lakini boksi la kwanza linaonyesha 14 badala ya 1.

#23 Nyuzi_RJ25

Hilo kompaila haiwezi kukuambia, Mwalimu. Lupu (bloku ya kurudia) inazunguka mara nyingi roboti ikiwa bado mbele ya boksi lilelile, na kila mzunguko unaongeza moja. Baada ya bloku ya kuongeza, weka bloku ya kusubiri mpaka umbali uzidi sm 30, ndipo lupu irudi juu. Sharti la kuhesabu liwe chini ya sm 20. Usitumie namba moja kwa yote mawili, sensa ikiyumba kati ya 19 na 21 itahesabu tena. Pasipo na kitu mbele inasoma 400, kwa hiyo 30 inafikika.

Kama roboti haitembei wakati wa kusubiri, umeiweka bloku ya mota ndani ya lupu baada ya kusubiri. Ipandishe juu, kabla ya lupu.

#24 MwlTEHAMA_Moro

1, 1, 1. Nashukuru wakuu.